Koili Mbili Zinazotazamana

Chuma kilichoyeyuka hakina adabu. Wasiokijua hudhani kinatiririka taratibu kama asali kwenye kijiko. Uongo mtupu. Kinashuka kutoka beseni la juu kupitia bomba la udongo, kinaingia kwenye kalibu ya shaba kwa hasira, kinagonga ukuta, kinapinduka na kurudi juu kutibua uso wote. Na huo uso ndio kila kitu. Juu yake tunamwaga unga mweusi unaoyeyuka na kupenya pembeni, kati ya chuma na shaba, ili chuma kisigande ukutani.

Kalibu yetu haina kitako. Chuma kinaingia juu kikiwa maji, kinatokea chini kikiwa gogo refu jekundu, gamba gumu nje na moto wa majimaji ndani, na magurudumu yanalivuta gogo hilo lishuke bila kusimama. Uso ukitibuka kupita kiasi, unga unazama badala ya kupenya. Hapo gamba linanata kwenye shaba, linachanika, na vyote vilivyomo ndani vinamwagika. Vikimwagika havimchagui mtu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukitia chuma adabu. Nilikuwa mhandisi wa breki, na breki yetu ilikuwa ya sumaku: koili mbili kubwa za waya, moja kila upande wa kalibu, zinatazamana kama wachumba waliokosana. Umeme ukipita ndani yake, sumaku inakatiza katikati ya kalibu, na chuma kinachokimbia kinapunguza kiherehere.

Kaka yangu alicheka sana nilipomweleza mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyesimama mdomoni mwa kalibu kila siku, amevaa koti la rangi ya fedha, akimwaga unga na kuvunja ukoko pembeni kwa fimbo ya chuma.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi sikusoma kama wewe, lakini najua sumaku haishiki chuma chenye moto."

"Haishiki, kweli kabisa. Njoo jikoni."

Nilichukua mfuniko wa sufuria, ule wa alumini, nikauinamisha, nikaweka kisumaku chenye nguvu juu yake. Hakikunata. Lakini badala ya kuporomoka, kiliteremka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikamwambia kwamba kitu chochote kinachopitisha umeme kikipishana na sumaku, umeme huzaliwa ndani yake, na umeme huo hugeuka ukaupinga mwendo. Chuma kilichoyeyuka kinapitisha umeme vizuri tu. Kwa hiyo sumaku haikivuti wala haikisukumi, inakizuia kisikimbie. Kaka alirudia mchezo ule mpaka wifi yangu akaja kudai mfuniko wake. "Mambo yenu ya kazini yaishie kazini," akasema, "mfuniko wangu una kosa gani?"

Breki ilifanya kazi, na vizuri. Kwa wiki kadhaa uso ulitulia hata kaka akaanza kujisifu kama aliibuni yeye. Ndipo mkuu wa zamu akaamua tuongeze mwendo wa kuvuta gogo. Mkuu huyo ni mwanamke mwembamba, msemaji, mwenye mguu usiotulia, na kiwanda kizima kinamwita Mama Kasi, nyuma yake na mbele yake pia. Hajali.

Siku yenyewe ya kuongeza mwendo ilianza kama asubuhi ya kawaida. Chumba cha kuongozea kina dirisha refu la kioo linalotazama jukwaa la kumiminia, kiyoyozi kinachokoroma, na viti viwili vilivyofungwa miguu kwa waya. Kupitia kioo nilimwona kaka mahali pake. Chini ya jukwaa, nisikoweza kuona, alikuwepo mume wangu. Yeye ni fundi umeme, na kila tukimimina hukaa karibu na kabati la swichi za koili, kusikiliza kama nyaya zinalalamika. Ndiye aliyezifungua koili zile siku chache nyuma ili zisafishwe, na ndiye aliyezirudisha na kuunganisha nyaya upya. Nilipima umeme baada yake. Ulikuwa sawasawa.

Kwenye redio kila mtu anaitwa kwa mahali pake. Mimi ni Breki, mume wangu ni Kabati, kaka ni Mdomo, jina lililomkaa kwa sababu hajui kunyamaza. Sheria hiyo sisi watatu tuliifuata tulipojisikia tu.

"Shemeji," kaka aliita kabla hatujaanza, "ukisinzia huko chini usikorome, redio iko wazi."

"Wewe angalia usiungue nyusi," mume wangu akamjibu. "Zimebaki chache."

"Mhandisi," Mama Kasi akasema nyuma ya kiti changu, "breki yako iko tayari?"

Nilitazama skrini. Koili ya kwanza, kijani. Koili ya pili, kijani. Umeme wa zote mbili ulikuwa pale pale nilipoutaka.

"Iko tayari, mama."

Tukaanza. Chuma kilishuka, gogo likatokea chini, magurudumu yakalishika. Mama Kasi akapandisha mwendo kidogo, akasubiri, akapandisha tena.

"Mdogo wangu," kaka akasema redioni, "uso unacheza."

"Utatulia, kaka. Breki imekaza."

"Mimi nakwambia unacheza."

Nilitazama tena skrini, kijani na kijani. Nilikereka, siwezi kuficha. Kaka yangu akipewa shati jipya hutafuta kwanza uzi uliolegea. Nilidhani ni tabia ile ile.

"Anaogopa mwendo?" Mama Kasi akauliza.

"Hajawahi kuogopa kitu," nikamjibu, na hilo lilipaswa kunishtua mwenyewe nilipolisema. Halikunishtua. Mama Kasi akapandisha tena.

"Unga unanyonywa," kaka akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Namwaga, unazama. Namwaga, unazama."

Kwenye kalibu kuna kifaa kinachopima usawa wa chuma na kufungua au kufunga kizibo cha bomba chenyewe, bila mtu kugusa. Tunakiita jicho. Wakati ule ule jicho likaanza kuweweseka. Namba zikaruka juu, zikaanguka, zikaruka tena, kisha zikapotea kabisa. Kupitia kioo nilimwona kaka akitupa koleo la unga na kushika mpini wa kizibo kwa mkono. Sasa yeye ndiye aliyekuwa jicho.

"Jicho limekufa," Mama Kasi akasema. "Kwa nini limekufa?"

Kaka alikuwa ameshika mpini kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akanyoosha fimbo yake kuvunja ukoko uliojijenga pembeni. Ghafla mkono wake ukatupwa upande. Fimbo ikamtoka.

"We! Sumaku yako imeninyang'anya fimbo!"

"Imeivutia wapi, kaka? Ndani, kwenye koili?"

"Ndani wapi! Imeruka pembeni, imenata kwenye nguzo ya jukwaa. Haibanduki."

Koili zile zilizoea kuvuta vyuma kuelekea kwao, ndani. Kwenye nguzo ile ya pembeni, tangu tufunge breki, hata pini haikuwahi kunata. Sumaku ilikuwa imetoka mahali pake na kwenda kuzurura nje.

Nililiona lote kwa mara moja, na ningependa kusema nililiona kwa akili, lakini nililiona kwa tumbo. Sumaku ya koili ya kwanza inapaswa kuingia ya pili, upande huu kwenda upande ule, zikisaidiana. Ukiunganisha moja kinyume, zinasukumana. Katikati ya kalibu zinauana, na nguvu yote inafumkia juu na pembeni, inapofusha jicho na kupokonya watu fimbo. Skrini itabaki kijani, kwa sababu skrini hupima umeme unaoingia tu. Haiulizi umekwenda kufanya nini.

"Mama, hatuna breki," nikasema.

"Mbona ni kijani?"

"Koili zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Katikati hakuna kitu. Tumekuwa tukikimbia bila breki tangu tuanze."

Hakubishana. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye mwendo kuupunguza, lakini gogo la namna ile halisimamishwi kwa pupa, litakatika. Hushushwa kidogo kidogo. Alikuwa bado anaushusha pale taa za ukuta wa shaba zilipowaka kwenye skrini. Ndani ya ukuta huo kuna vipimajoto vimepangwa safu kwa safu, kutoka juu hadi chini. Safu ya juu ikawa nyekundu. Kisha iliyo chini yake. Gamba lilikuwa limenata na kuchanika, na mchaniko ulikuwa unashuka pamoja na gogo. Ukitoka chini ya kalibu kabla haujaziba, basi.

Mama Kasi akapiga king'ora. Watu wa jukwaani wakatawanyika kuelekea milangoni. Kaka hakutawanyika, alikuwa ameshika mpini. Na mume wangu alikuwa chini.

Kabati la swichi liko upande wa pili wa gogo. Ngazi ya kutokea ni moja tu, na inapita kando ya gogo, karibu kabisa na mahali ambapo gamba lingepasuka. Akitoka sasa, angepita mbele ya kile kile alichokuwa anakikimbia. Akibaki na gamba likapasuka, angebaki nyuma ya moto, na huko nyuma hakuna mlango.

Nilibonyeza redio. "Kabati. Zima koili ya pili. Ya pili tu, ya kwanza iache."

"Nizime?" Mume wangu alisikika kama mtu aliyeambiwa avue viatu mvuani. "Sasa hivi?"

"Umechanganyikiwa?" Mama Kasi akaning'akia. "Unazima nusu ya breki wakati gamba linachanika?"

"Hiyo nusu hatunayo, mama. Tukizima moja ndipo tutaipata."

"Koili zote zina umeme sawa," mume wangu akasema. "Nimeziunganisha mwenyewe. Nilisimama mbele ya kila moja, nyekundu kulia, nyeusi kushoto. Zote mbili."

"Kulia kwa nani?" nikamuuliza. "Zinatazamana."

Nilijua alikuwa anafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: anajiweka mbele ya koili ya kwanza, kisha anajigeuza mbele ya ya pili, na kuona mkono wake wa kulia umekwenda upande mwingine.

"Mungu wangu," akasema. "Nazima."

Lakini koili kubwa haizimwi kama taa ya chumbani. Ukiikata ghafla, umeme uliomo ndani unaruka na kumuunguza aliyeikata. Hupunguzwa kwa gurudumu la mkono, taratibu, na wakati huo wote safu za taa nyekundu zilikuwa zinashuka kwenye skrini. Ya tatu ikawaka.

Kaka alikuwa amegeuka kutazama kioo. Moto ulikuwa unaruka pembeni mwa kalibu, mabonge madogo yakitua kwenye koti lake, akiyakung'uta kwa bega. Uso nyuma ya ngao yake sikuuona.

"Mdogo wangu, king'ora kinalia," akasema. "Wenzangu wote wameondoka. Shemeji ametoka?"

"Bado."

"Na mimi?"

Akiachia mpini, chuma kingepanda na kufurika, au kingeshuka na kuliacha gamba wazi. Vyovyote vile mchaniko usingeziba. Akiendelea kuushika na mimi nikawa nimekosea, moto ungemkuta amesimama. Mama Kasi alinitazama.

"Una uhakika na hilo la koili?" kaka akauliza.

Nilibonyeza kitufe. "Mdomo, baki kwenye mpini. Mwaga unga kidogo kidogo kwa mkono mwingine. Usiondoke."

Kukawa na mkwaruzo mfupi wa redio.

"Nimekusikia, Breki."

Akageuka, akainama juu ya kalibu. Safu ya nne ikawaka. Nilishika ukingo wa meza mpaka kucha zikauma. Nilitaka kwenda haja ndogo, nalisema kama lilivyo, mtu akiogopa sana mwili hauna heshima. Mama Kasi alikuwa anaendelea kushusha mwendo, midomo ikichezacheza kama anayehesabu. Safu ya tano ikawaka, na chini yake kulikuwa na safu moja tu kabla ya hewa tupu.

Ndipo redio ikaleta mlio wa chuma kugonga sakafu.

"Fimbo imedondoka," kaka akasema. "Imebanduka yenyewe kwenye nguzo."

"Uso?" nikauliza. "Uso ukoje?"

"Subiri." Alimwaga unga, akatazama. "Bado unacheza. Subiri kwanza. Unapungua. Unga umetandaa. Umekaa juu, hauzami."

Taa ya safu ya mwisho ilitoka kijani ikawa ya njano, ikabaki hapo muda ambao sitaki kuurudia maishani, kisha ikarudi kijani.

Mume wangu alipanda ngazi akiwa mweupe midomoni. Alipita kando ya gogo bila kulitazama, akaja moja kwa moja chumba cha kuongozea, akasimama mbele ya Mama Kasi na kusema, "Ni mimi. Nyaya nimeziunganisha mimi."

"Nimesikia," Mama Kasi akamwambia. "Na mhandisi akapima umeme akasahau kupima sumaku. Na mimi nikapandisha mwendo nikiambiwa uso unacheza. Tutagawana. Sasa kaa kwanza." Akamsukumia kimojawapo cha vile viti vya waya.

Baadaye gogo lilipopoa tulikwenda kuliona. Kovu lilikuwa pale ubavuni, limejikunja kama midomo ya kidonda, limeziba. Fundi wa magurudumu aliligonga kwa nyundo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye magurudumu yake.

Kaka nilimkuta kwenye mabomba ya kunawia nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amevua koti, shati limemgandia mgongoni, na mikono yake ilikuwa na vidonda vidogo vyekundu vya cheche. Alikuwa anamwagia maji usoni kwa viganja.

"Shemeji amenikumbatia mbele za watu," akasema. "Na jasho lake lote."

"Amekushukuru."

"Amenilowesha." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ulikuwa na uhakika?"

Ningeweza kudanganya. Ameniona nikidanganya tangu sijaota meno, angejua.

"Hapana. Nilikuwa nakisia. Nilikisia vizuri, lakini nilikuwa nakisia."

Akatikisa kichwa polepole, maji yakimtiririka kidevuni. "Sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Nikasema, huyu anajua. Mdomo, baki. Kama mtu anayesoma maelezo kwenye boksi." Akafuta macho. "Ungeniita kaka saa ile, ningejua unaogopa. Ningeachia mpini pale pale. Ningekimbia kuliko hao wote waliokimbia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua wakati ule ule. Neno lilikuwa limeshafika hapa." Nikagusa koo. "Nikalimeza ili usikimbie."

Alifunga bomba. Alilifunga mpaka mwisho, kisha akalikaza tena ingawa halikuwa linavuja.

"Shemeji alikuwa chini," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa juu."

"Ndiyo, kaka."

Akachukua taulo, akajikausha kidole kimoja kimoja akikwepa vidonda, hata nikaanza kulia, machozi ya hasira, sijui hasira ya nani. Hakuja kunibembeleza kama kawaida yake. Alitundika taulo kwenye msumari na kunitazama.

"Usinifanyie hivyo tena," akasema.

"Sitakufanyia."

Aliendelea kunitazama, na nikaona amejua, kama nilivyojua mimi, kwamba ningemfanyia.